Kumfuata Bochy San Francisco: siku tano barabarani kutoka Fort Worth

Nimerudi nyumbani kutoka San Francisco, tulikokwenda kumwona kocha wa besiboli Bruce Bochy, mgongo ukiuma na simu ikiwa na picha zaidi ya mia tatu, nyingi zikimwonyesha Shemeji amesimama mbele ya gari lililofunguliwa boneti. Nimezipanga picha hizo pamoja na risiti zilizojazana kwenye dashibodi na vijimaneno nilivyokuwa naandika kila tukisimama kujaza mafuta. Kama uko Texas na unawaza kwenda California kwa barabara, soma hata zile sehemu zisizo na besiboli. Zitakuokoa pesa.

Shemeji, mume wa dada yangu, aliingia Texas mwaka 2010, na besiboli aliijulia msibani. Mwaka ule Texas Rangers walifika fainali kuu kwa mara ya kwanza katika historia yao, na tarehe 1 Novemba, palepale Arlington, nyumbani kwao, San Francisco Giants wakawamaliza katika mchezo wa tano. Kocha wa Giants alikuwa Bruce Bochy. Shemeji alimchukia mzee yule bila hata kuzijua vizuri sheria za mchezo. Bochy akaendelea kubeba, 2012 tena, 2014 tena, na mwishoni mwa msimu wa 2019 akaaga. Kisha Oktoba 2022 Rangers wakamfuata nyumbani alikokuwa amestaafu, na tarehe 1 Novemba 2023, ileile ya msiba, akawapa kombe lao la kwanza. Miaka 13 kamili. Mtu aliyemliza ndiye aliyemfuta machozi.

Agosti 2023 Bochy alirudi San Francisco kwa mara ya kwanza akiwa upande wa pili, na Shemeji siku hizo alikuwa na mzigo wa lori kuelekea Georgia. Hilo lilimkaa rohoni. Rangers na Giants wako ligi mbili tofauti, kwa hiyo hukutana kwa mfululizo mmoja tu wa michezo mitatu kwa mwaka, mwaka huu kwako, mwaka ujao kwangu. Zamu ya San Francisco iliporudi, Aprili 2025, aliniambia hivi: "Shem, omba ruhusa kazini. Tunaenda." Akakata tiketi mbili za Jumamosi, dola 52 kila moja.

Mimi besiboli naijua kwa kuazima. Nilichotaka ni kuwaona watu wa San Francisco wanampokeaje. Sababu yangu nitaifikia tukiwa tumeharibikiwa.

Jumatano, 23 Aprili. Fort Worth hadi Tucumcari, kilomita 725

Tulipanga kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Tuliondoka saa nne. Dada aliamua kwamba hatutoki bila chapati, na chapati za dada hazina haraka.

Barabara ya 287 kwenda Amarillo ni ndefu, imenyooka, na haina la kusimulia ila upepo. Mafuta tulijaza Wichita Falls kwa dola 2.79 kwa galoni. Kariri bei hiyo, utaililia baadaye. Amarillo tulipita jioni, tukaingia barabara kuu ya 40, na mpakani mwa New Mexico saa ikarudi nyuma kwa saa moja.

Tucumcari ni mji wa njia ya zamani ya Route 66, umejaa mabango ya taa za rangi kuliko watu. Chumba cha moteli chenye vitanda viwili dola 74, karibu laki mbili za kwetu, na kilikuwa safi. Mwenye moteli alituuliza tunakwenda wapi, Shemeji akamjibu kwa kirefu kuanzia 2010. Yule bwana alisikiliza yote akiwa ameshika ufunguo wetu mkononi.

Alhamisi, 24 Aprili. Siku tuliyokwama

Albuquerque tulifika kabla ya saa sita. Mhudumu wa mgahawa aliniuliza, "Nyekundu au kijani?" nikadhani ananiuliza rangi ya gari. Ni pilipili. New Mexico kila chakula kinamwagiwa mchuzi wa pilipili, na wewe unachagua rangi tu. Ukitaka zote mbili unasema "Krismasi". Kijani ina moshi wa kuchomwa, na kwa aliyezoea pilipili mbuzi haimtoi jasho. Sahani mbili na chai, dola 31.

Baada ya Grants barabara inapita pembeni ya mawe meusi ya volkano, halafu inapanda kuelekea mgawanyo wa maji wa bara, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Hapo, karibu na Thoreau, taa ya betri ikawaka kwenye dashibodi. Shemeji akazima redio, akazima feni, akashusha vioo. Dereva wa lori wa miaka kumi na tano, alijua. "Alteneta hiyo, shem." Yaani kile kifaa kinachochaji betri. Kilomita tano mbele gari likakata roho.

Tulikaa pembeni ya barabara dakika arobaini, malori yakipita na kututikisa. Aliyesimama alikuwa mzee wa Kinavajo mwenye pikapu kuukuu, pembeni yake mkewe. Alishtua betri yetu kwa nyaya zake, tukaenda kilomita kumi na tatu, gari likazima tena. Akasimama tena, maana alikuwa anatufuata nyuma makusudi. Safari hii alifungua sanduku la vifaa, akatoa betri nzima, nzito, iliyojaa chaji. Akaifunga mwenyewe kwenye gari letu. Akasema hiyo itatufikisha Gallup mchana huu bila kuwasha taa.

Shemeji akatoa pochi. Mzee akaisukuma ile pochi kwa vidole viwili. Tutairudishaje? Mkituona wakati wa kurudi, akasema, na akatuelekeza nyumba yake kuanzia pale unapotoka barabara kuu kuingia Thoreau. Alitusikia tukizungumza, akauliza ni lugha gani. Tukamwambia. Yeye akatufundisha salamu yao, *yá'át'ééh*, nasi tukamfundisha shikamoo, tukamweleza kwamba mkubwa huitikia marahaba. Aliirudia mara tatu mpaka ikakaa. Mkewe akacheka, akataka na yeye aamkiwe. Tukamwamkia.

Gallup, gereji ya kwanza ilikuwa imefunga. Ya pili fundi akasema kifaa kitatoka Albuquerque kesho. Alteneta dola 238, kazi dola 110. Hapo ndipo tiketi za Jumamosi zilipoanza kunuka.

Jioni tulikula supu ya kondoo kwenye mkahawa wa Wanavajo, na mkate wao wa kukaanga unaofanana na andazi lililosahauliwa hamira. Supu ile ungepewa Arusha ukiwa umefumba macho usingeuliza swali. Tukiwa hapo nikamweleza Shemeji sababu yangu.

Mimi ni Yanga, na Nasreddine Nabi alinipa furaha kuliko kocha yeyote niliyemshuhudia: ubingwa wa ligi mara mbili mfululizo, na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, tukalikosa kwa USM Alger kwa sheria ya goli la ugenini tu. Akaondoka. Tarehe 28 Julai 2024, asubuhi ya Texas, nikafungua simu kumwona akiwa na Kaizer Chiefs pale Bloemfontein, akitukabili sisi. Tukampiga 4-0. Aziz Ki mawili, Dube moja, Mzize moja. Matatu ya kwanza nilishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. La nne lilinikuta namtafuta Nabi kwenye skrini nione uso wake.

"Ulitaka asifungwe?" Shemeji akauliza.

"Nilitaka tushinde moja bila."

Akaendelea kunywa supu.

Ijumaa, 25 Aprili. Gallup hadi Kingman

Kifaa kilifika saa saba mchana. Tuliondoka saa tisa na nusu. Mchezo wa kwanza wa San Francisco ulikuwa usiku ule, sisi tuko majimbo mawili nyuma.

Kwa wanaofuata njia hii: Arizona haibadilishi saa zake majira ya joto. Ukitoka New Mexico mwezi Aprili unapata saa moja ya bure, na kutoka hapo mpaka California saa haibadiliki tena. Ila ndani ya ardhi ya Wanavajo upande wa Arizona saa zinabadilishwa, kwa hiyo simu yako inaweza kukuchanganya. Tumia saa ya mkono.

Flagstaff iko juu, mita zaidi ya 2,100, na ilikuwa baridi ya kutafuta koti. Wengi hapo hukata kulia kwenda kuona Grand Canyon. Nilimtazama Shemeji, akaongeza mwendo. Kingman tuliingia saa tatu usiku, dola 68, kitanda kimoja kibovu. Nilipigwa kura kulala hicho, wapiga kura tukiwa wawili.

Jumamosi, 26 Aprili. Kingman hadi Hayward, kilomita 960

Jaza tanki Arizona. Narudia, jaza tanki Arizona. Ukivuka mto Colorado kuingia Needles bei inaruka kama imekanyaga moto. Sisi tulijaza Kingman, tukapita Needles tukipunga mkono.

Baada ya mto kuna kituo cha ukaguzi wa mazao, kwa sababu California inalinda mashamba yake dhidi ya wadudu. Tulikuwa na machungwa kumi na moja ya dada. Ili tusiulizwe maswali tuliyala yote kwenye maegesho kabla ya mto, na Shemeji akayalalamikia tumboni mpaka Barstow. Kuna watu wamewahi kupita na matunda ya dukani bila shida. Mimi nakupa tu uzoefu wa tumbo.

Jangwa la Mojave: joto, treni za mizigo zisizoisha, basi. Tehachapi vilima vimejaa mitambo ya upepo. Bakersfield pampu za mafuta zinainamisha vichwa kama kuku wanaodonoa. Kisha barabara ya 5 kwenda kaskazini, mashamba ya lozi saa nzima, na karibu na Coalinga harufu ya ng'ombe inayoingia garini hata vioo vikiwa vimefungwa. Ni zizi kubwa mno la kunenepeshea. Shemeji, Msukuma halisi, ndiye pekee aliyefurahi.

Saa sita mchana alikuwa amekubali ukweli. Tiketi za Jumamosi aliziuza kwa simu, dola 31 kila moja, hasara 42 kwa zote. Akanunua mbili za Jumapili ghorofa ya juu kabisa, dola 38 kila moja. Baada ya hapo hakuzungumza mpaka njia ya 580.

Hayward tulipokelewa na dada wa Kipare aliyesoma na dada yangu. Pilau, kachumbari, na swali moja: "Mmeendesha siku nne kumwangalia kocha?"

Jumapili, 27 Aprili. Uwanjani

Usiende na gari uwanjani. Maegesho ya karibu ni pesa ya kulala hotelini, na foleni ya kutoka ni adhabu. Acha gari kituo cha treni za BART upande wa mashariki wa ghuba, shuka Embarcadero, kisha tembea na maji upande wako wa kushoto kama dakika ishirini na tano. Daraja la Bay linapita juu ya kichwa chako. Beba sweta hata kama jua linawaka. Sisi tulibeba chapati zilizobaki pia, tukapita nazo getini bila neno.

Mbele ya Oracle Park, uwanja wa Giants, kuna sanamu ya Willie Mays, gwiji wao wa zamani, na minazi ya urembo 24, kwa sababu namba yake ilikuwa 24. Ukuta wa upande wa kulia nao una urefu wa futi 24. Nyuma yake ni maji, na watu wamekaa kwenye mitumbwi wakisubiri mpira utakaopaa nje. Kwa mtu wa pwani, uwanja ambao mashabiki wake wengine wako ndani ya ngalawa ni uwanja wenye akili.

Tukakaa juu kule ambako ndege wa baharini wanakutazama chakula usoni. Viazi vya kitunguu saumu ni vitamu, na utanuka mpaka kesho yake.

Sasa Bochy. Kwenye besiboli kocha mkuu huitwa meneja, na huvaa jezi kamili yenye namba, kama mchezaji. Fikiria kocha wa Simba akikaa benchi na bukta na soksi. Bochy alikuwa ametimiza miaka 70 siku kumi na moja kabla, alizaliwa Ufaransa tarehe 16 Aprili 1955, baba yake akiwa mwanajeshi wa Marekani huko, na namba yake ilikuwa 15. Kwa darubini ya kuazima tulimwona ameegemea uzio wa benchi la wageni. Kichwa chake ni kikubwa kweli, wanavyosema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa sherehe au matusi. Hakukuwa na lolote kati ya hayo. Mapokezi ya kusimama na kupiga makofi yaliisha 2023, aliporudi mara ya kwanza. Safari hii ilikuwa kama mjomba aliyepita nyumbani kuchukua koti alilolisahau. Ila nikaanza kuhesabu migongo. Katika watu waliovaa rangi ya chungwa ya Giants, kila mistari michache unakuta jezi imeandikwa BOCHY 15. Wamekuja kuishangilia timu yao imfunge mtu ambaye jina lake wamelibeba mgongoni. Safu ya mbele yetu mama mmoja wa makamo alikuwa nayo, imepauka. Kila skrini ilipomwonyesha yule mzee, alipiga makofi mawili, halafu anarudi kwenye karatasi yake ya kuandikia alama.

Shemeji, mwenye kofia ya Texas, alimwinamia akamwambia kwamba huyo sasa ni wetu. Yule mama akamjibu bila kugeuka kwamba anajua, na kwamba tumtunze magoti.

Nilianza kuelewa kwamba uwanja mzima ulikuwa umejaa waliohama. Buster Posey, mdakaji wa Bochy katika makombe yote matatu, ndiye aliyekuwa bosi wa masuala ya besiboli wa Giants, yaani mwanafunzi alikuwa amekalia kiti cha juu upande mmoja na mwalimu alikuwa benchi la upande mwingine. Na Texas walikuwa na Joc Pederson na mrushaji Luke Jackson, wote wawili waliwahi kuwa Giants.

Awamu nane nitaziruka. Ilikuwa 2-2 tulipoingia awamu ya tisa, zamu ya mwisho ya wenyeji, na aliyetoka kurusha kwa upande wetu ni huyo Jackson.

Mpigaji wa kwanza, Heliot Ramos, aligusa mpira vibaya. Mpira dhaifu, ukidundadunda kuelekea upande wa kituo cha tatu, wa kuokota na kurusha. Jackson akauwahi, akarusha kituo cha kwanza, ukapita pembeni ukaenda zake. Ramos akageuza kuelekea cha pili, akaona mpira bado uko porini, akaendelea. Jake Burger, mtu wa kituo cha kwanza, akaukimbilia, akaurusha kituo cha tatu amkate. Na huo ukapita. Ramos hakusimama. Alizunguka vituo vyote vinne kwa mpira ambao haukutoka hata uwanja wa ndani, akaingia nyumbani, yaani pale alipoanzia, 3-2, mchezo umeisha.

Watu 40 elfu na kidogo wanaweza kuingia uwanja ule, na nadhani wote walinipigia kelele sikioni. Mimi nilicheka mpaka machozi, kwa sababu goli lile ningeliona Jangwani watoto wakicheza chandimu nisingeshangaa. Shemeji alikaa. Nikachukua darubini. Bochy alikuwa bado pale kwenye uzio. Aliangalia kidogo, akageuka, akaanza kuondoka taratibu kwa mwendo wake wa magoti mabovu.

Yule mama mbele yetu alikuwa anaruka na kukumbatiana na asiowajua. Kisha akasimama, akatazama benchi la wageni, na akapiga makofi yake mawili.

"Moja bila," Shemeji akaniambia tukishuka ngazi.

28 hadi 30 Aprili. Kurudi

Njia ileile, siku mbili na nusu, hakuna kilichoharibika. Gharama zote za safari, mafuta, moteli, chakula, tiketi, hasara ya tiketi na alteneta, zilifika dola 1,163 kwa watu wawili. Ondoa alteneta, ni nafuu ukilinganisha na ndege mbili na gari la kukodi.

Jumanne mchana tulitoka barabara kuu pale Thoreau. Nyumba tuliipata mara ya pili, ya kwanza ilikuwa na mbwa. Mzee alikuwa nje anafunga uzio. "Shikamoo," Shemeji akasema kabla hata hajazima gari, na mzee akasimama wima, akafikiri, akaitikia marahaba sawasawa kabisa.

Tulimpa betri yake, tukiwa tumeichajisha Flagstaff, na mfuko wa lozi kutoka barabara ya 5. Lozi alizipokea. Akauliza nani alishinda.

"Bochy," Shemeji akasema.

Mkewe akatoka na mikate ya kukaanga, imefungwa kwenye karatasi, bado ya moto. Tuliila yote kabla ya Grants.